Rejeta Iliyozibwa kwa Samadi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya kiwanda cha kuchambua pamba mjini Bariadi, sikushika spana. Mkuu wa Karakana aliniketisha mbele ya lori lililokuwa likitoa mvuke, akaniambia nilitazame. Nilipochoka kutazama, nikauliza kazi inaanza lini.

"Ndiyo hii," alisema. "Anayefungua kifuniko cha rejeta wakati injini imechemka hatumfundishi, tunampeleka hospitali. Ngoja ipoe."

Rejeta ndiyo inayopoza maji yanayozunguka kwenye injini. Ndani yake mna vijia vyembamba. Maji yakipita humo hupigwa upepo na feni, yakarudi yamepoa. Mfumo ni rahisi kuuelewa, na nadhani ndiyo sababu kila mwenye gari hujiona fundi. Nilipohamishiwa tawi letu la Maswa nilikuta madereva wamechomoa themostati, ile valvu ndogo inayozuia maji hadi injini ipate joto, wakidai nchi ya jua kali haiihitaji. Mpira wa rejeta ulifungwa kwa kamba ya katani. Mahali pa kulanti, dawa ya kupozea, walijaza maji ya lambo pamoja na tope lake.

Meneja Usafirishaji wa pale alikuwa mtu wa maneno machache. "Muulize dereva kwanza alichomwaga humo," aliniagiza. "Hatakwambia. Muulize tena."

Mficha maradhi kifo humuumbua, na magari niliyoyaona yakiwaumbua wenyewe ni mengi.

Nilirudi Bariadi nikiwa Fundi Mkuu, wakati karakana imeanza kupokea magari ya watu wa nje. Msimu mmoja wa pamba, Mzee Masanja wa Mwamapalala alifika na pikapu yake ikivutwa na trekta. Mwanawe, Shija, ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Pikapu ile ilikuwa ng'ombe wa mahari ya Shija. Mzee aliwauza, akainunua kwa mjomba wa mchumba, huko Ipililo, akitumaini kubeba pamba za watu na kurudisha ng'ombe zizini kabla ya harusi.

"Mwadila, mzee," nilimsalimu kwa Kisukuma. "Umemwaga nini humu?"

"Maji tu, fundi."

Nilimtuma Shija akanywe chai, nikauliza tena. Mzee alitazama mikono yake.

"Ilikuwa inavuja. Nikatia mavi ya ng'ombe mabichi, nimeyakoroga na maji. Kihenge changu cha mahindi nakisiriba hivyohivyo, hakijapoteza hata punje. Na kuvuja kuliacha, fundi! Ila njiani, nikiwa peke yangu, ikachemka, nikaogopa, nikaimwagia maji ya baridi."

Kuvuja kuliacha kweli. Samadi iliziba tundu, ikaziba na vijia vyote. Maji baridi juu ya chuma cha moto yalimaliza kazi: bloku, yaani mwili wenyewe wa injini, ilipasuka. Nilipochomoa kijiti cha kupimia oili, kilitoka na rangi ya chai ya maziwa: maji yamechanganyika na oili. Injini ilikuwa imekufa, nikamwambia hivyo.

Alikaa juu ya tairi. "Fundi, mwambie kijana gari lilikuwa bovu toka tulinunue."

"Nikisema hivyo, atakayelaumiwa ni mjomba wa binti."

"Najua."

"Na harusi?"

Nilimwambia nitanyamaza akitaka, ila uongo ule sitausema. Nilimhurumia sana. Ng'ombe hawapo, gari halipo, na mzee mzima aonekane mjinga mbele ya mwana anayetaka kuoa!

Shija aliporudi aliniuliza mimi gari lina nini. Nikaendelea kufuta mikono.

"Gari nimeliua mimi, Shija," mzee alisema. "Kwa mavi ya ng'ombe. Mjomba wa mchumba wako alituuzia kitu kizima."

Kijana alifunga boneti ya pikapu. "Twende nyumbani, baba," alisema. "Pamba bado iko shambani."

Pikapu iliuzwa kwa vipuri. Ipililo walikuwa wakingoja ugomvi, maana gari likifa mikononi mwa mnunuzi, kwa kawaida muuzaji ndiye mchawi. Badala yake Mzee Masanja alikwenda mwenyewe kueleza alichofanya. Mjomba yule ndiye aliyewaomba wakwe wasubiri mahari hadi msimu mwingine, na walisubiri.

Sasa nimestaafu. Vijana hunionyesha kwenye simu video za kuziba rejeta kwa mayai. Siwakatazi, kwa kuwa hawakatazwi. Nawaambia tu kwamba injini ya moto iachwe ipoe, na kwamba mbele ya fundi mtu aseme alichotia.

Kufufua injini nilikufanya miaka mingi, na wengi niliowafufulia hawakumbuki jina langu. Kwa Mzee Masanja nilialikwa harusini, nikaketishwa na wakwe. Mzee alinishika mkono akanitambulisha: "Huyu ndiye fundi aliyeshindwa kulitengeneza gari letu." Akina mama walipiga vigelegele, nami nikasimama.