Breki Iliyopindishwa Makusudi

Einar Tveit hakuweza kukaa kwenye chumba chenye picha iliyopinda. Kwenye harusi ya mpwa wake aliweka pima maji, kile kifaa chenye kiputo cha kupimia usawa, juu ya keki, bibi harusi akiwa tayari na kisu mkononi. Watu wa Harlow Creek, mji mdogo chini ya milima ya Montana, walimcheka, ila bunduki zao za kuwindia hawakumpelekea fundi mwingine. Kilichotoka kwa Einar kilikuwa kimenyooka.

Vuli moja Lorna Sather alimletea bunduki ya marehemu baba yake. Lorna alikuwa amepasuliwa bega, na bunduki yenyewe, kila ikilia, ilimrudi mpigaji kwa teke la punda.

"Nikishindwa kuipiga kabla msimu wa kuwinda elki haujafunguliwa Jumamosi, Verne anaichukua," alisema. "Nimeshamwahidi."

Verne, kaka yake, alikuwa ameshaanza kuisifia kana kwamba ni yake.

Einar akakereza nyuzi za skrubu mdomoni mwa mtutu na kuandaa breki: kipande cha chuma chenye matundu ubavuni na juu, ili gesi ya baruti itokee huko na teke lipungue. Kuifunga si kazi. Kazi ni kuhakikisha inakaza wakati matundu ya juu yanatazama juu kweli, si kando. Aliibana bunduki kwenye jiliwa, kile kibano cha mezani, akaweka pima maji, akasugua washa nyembamba, kipete cha chuma cha kukazia, kwenye msasa, akajaribu, akasugua nyingine, mpaka spana ikagoma pale pale alipopataka. Kiputo kikatulia katikati. Einar akapiga mluzi.

Kwenye uwanja wa shabaha, wenye breki hukaa meza ya mwisho, nyuma ya ukuta wa matairi, maana mlipuko wa ubavuni humvua jirani kofia. Verne, kwa ubishi wake, akaketi ubavuni mwa Lorna, kikombe cha kahawa mkononi.

"Dada, ungenipa tu tukamaliza."

"Kunywa kahawa yako, Verne."

Bunduki ikalia. Kahawa ikahamia kifuani mwa Verne.

"Mama yangu!"

Lorna alikuwa anacheka. Alipiga tena, kicheko kikakatika. "Teke limeisha, Einar, lakini inanitoroka. Inaruka juu, inaenda kulia, na kitako kinanisugua mshono. Siwezi kwenda nayo mlimani hivi."

"Breki imepinda," Verne alisema, akijikung'uta.

"Imepinda?" Einar aliuliza polepole, kama mtu aliyetukaniwa mama. Akaiweka pima maji juu ya breki pale pale. "Haya, njoo uone kiputo kiko wapi."

"Kiko katikati. Basi aliyepinda ni Lorna."

"Pinda wewe!" Lorna alimjibu.

Lakini Einar alikuwa ameacha kusikiliza. Alimwomba Lorna apige mara moja tena, na safari hii hakuitazama bunduki, alilitazama bega. Lile bega bovu halikuivuta bunduki kwake. Liliikwepa, na mtutu ukapata upenyo wa kukimbilia kulia. Jiliwa halina bega. Alikuwa amelitengenezea jiliwa breki nzuri sana, si Lorna.

"Toa risasi, acha komeo wazi," alisema. Akahakikisha chumba cha risasi ni kitupu, akafungua breki, akapekua mfukoni washa nene kidogo kuliko ile ya mwanzo. Matundu ya juu sasa yangetazama huko mtutu ulikokuwa unakimbilia, ili gesi iusukume urudi. Alipofika kukaza, aligeuza uso.

"Einar, mzee, unaipindisha!" Verne alishangaa.

"Nyamaza kabla sijabadili mawazo."

Lorna akapiga. Mtutu ulitikisika, ukabaki palepale. Kutoka mbali bamba la chuma la shabaha likajibu kama kengele.

"Nimeiona!" alipiga kelele. "Nimeiona kwenye darubini risasi ikigonga! Kwa teke lile, Baba mwenyewe hakuwahi kuiona!"

"Na mimi nimeungua bure," Verne alinung'unika, lakini ndiye aliyembebea begi hadi kwenye gari.

Jumamosi Lorna alipanda mlima na bunduki ya baba yake. Kwa Einar alileta nyama ya paja na picha: yeye, elki, yule paa mkubwa mwenye pembe kama matawi, na bunduki magotini. Einar ameitundika juu ya jiliwa. Kila asubuhi hunyoosha mkono aiweke fremu sawa, hukuta iko sawa, kilichopinda ni ile breki ndani ya picha. Huurudisha mkono, akapiga mluzi, akafungua duka.