Bi Stamatia na Picha ya Njaa

Kama ulitazama taarifa ya habari majira yale ya baridi nchi yetu ilipozama kwenye madeni, popote pale Ulaya, basi ulimwona jirani yangu Bi Stamatia. Ni yule mama wa koti jeusi aliyeinama kwenye mteremko wa mlima juu ya Athens, kisu mkononi, mfuko wa plastiki kando, akikata majani. Chini ya picha waliandika kwamba Wagiriki sasa wanakula nyasi.

Nyasi, eti. Mimi nina kibanda cha magazeti na sigara chini ya nyumba yake, na nakwambia ule ulikuwa mchunga, mboga chungu ya porini. Mvua za kwanza zikinyesha, wanawake wa mtaa wetu wa Kaisariani hupanda mlimani kuuchuma, na walipanda hata enzi zile benki zilipokuwa zikitubembeleza tukope. Unachemshwa, unamiminiwa mafuta ya zeituni na ndimu, na uchungu wake ndio utamu wake. Bi Stamatia alikuwa mjane wa seremala, pensheni yake ilikwisha kupunguzwa, lakini hakuwahi kulala njaa. Na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko hicho kisu.

Mpiga picha alikuwa mgeni kutoka kaskazini, huyo namsamehe. Lakini mtangazaji aliyefuatana naye, Ilektra, ni mtoto wa hapa hapa. Alijua, akanyamaza, kwa sababu mgongo wa kikongwe aliyeinama unauza.

Picha ikazunguka dunia. Kituo kimoja kikaionyesha kwa kutulilia. Kingine kikachukua picha ile ile kikasema tazameni, jua limewaka, watu wa kusini wanatembea mlimani na mifuko badala ya kufanya kazi. Huko Stuttgart mwanawe Fotis, fundi bomba, akawakuta wenzake wamemchangia mama yake pesa ndani ya kofia ya kazi. Alipopiga simu nilikuwa nimeketi jikoni kwa mama huyo.

"Mama, mbona hukuniambia una njaa?"

"Njaa ya nani? Nimekula samaki mchana. Warudishie watu pesa zao, uwashukuru, na uwaambie mama yako ana meno yote na anayatumia."

Akakata simu, akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku tuliyomzika mumewe.

"Aristidi," akaniambia, "nimefanya kazi tangu utoto. Leo dunia nzima inanijua kwa makalio na umaskini."

Akamwita Ilektra nyumbani, akamtengea sahani ya mchunga, akasema mbele ya kamera: "Mimi sina njaa. Ila nenda kwenye jiko la kanisa, wanakogawa chakula cha bure, uone foleni. Hao ndio walioishiwa." Jioni tukafungua runinga kibandani kwangu. Yakatoka maneno matatu, "Mimi sina njaa," kisha mkubwa mmoja wa mambo ya fedha akatabasamu na kusema kumbe pensheni zinatosha, zinaweza kupunguzwa tena.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwenye duka la mkate mwanamke mmoja alimwambia, "Wewe si umeshiba, Bi Stamatia? Tuachie sisi wenye njaa." Mzee Prodromos, mwalimu mstaafu anayekaa ghorofa ya juu yake, aliyekuwa akinywa naye kahawa kila Jumapili, akampita bila salamu. Sababu yake niliijua, na Bi Stamatia aliijua pia. Prodromos alikuwa miongoni mwa wale wa jiko la kanisa. Alikuwa akiingia kwa mlango wa nyuma, bakuli chini ya koti, na maneno ya jirani yake yalikuwa yanakwenda kumnyang'anya kidogo alichobaki nacho.

Nikamshauri aachane na watu wa runinga. "Nyamaza tu, Bi Stamatia. Kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana."

"Basi kafe wewe muungwana," akanijibu. "Mimi wamenitukana mara mbili, na ya pili kwa mdomo wangu mwenyewe. Siwaachii."

Wiki ambayo bunge lilikuwa linapiga kura juu ya pensheni, kituo kikamtaka tena. Akakubali kwa sharti moja: matangazo yawe ya moja kwa moja, mkasi usimfikie. Wakasimamisha kamera mbele ya kibanda changu. Mtaa mzima ulitoka, na nusu yao walikuja kumzomea. Juu, nyuma ya mapazia, nilimwona Prodromos.

Ilektra akamsogezea kipaza sauti. "Bibi, Ulaya nzima inauliza. Una njaa au huna?"

"Sina. Walio nayo wapo. Wako karibu kiasi kwamba wananisikia."

"Basi tupeleke. Kamera iko tayari, na jiko la kanisa liko hapo kwenye kona."

Kila mmoja wetu alielewa: angenyoosha kidole tu, angesafika mbele ya mtaa na mbele ya dunia. Angeonekana si mwongo wala si ombaomba. Pazia la juu likafungwa.

Bi Stamatia hakuinua macho. "Hapana," akasema.

"Lakini bibi, bila picha watazamaji watajuaje kwamba ni kweli?"

"Mlipokuwa na picha yangu, walijua nini?"

Ilektra akatazama karatasi yake ya maswali.

"Nikuulize na mimi, binti. Bibi yako huchuma mchunga?"

"Huchuma," Ilektra akasema kwa sauti ndogo.

"Ulijua, basi. Sasa nisikilizeni, na nyie mlioko huko bungeni. Mwenye njaa wa mtaa huu ana jina, na ana aibu yake, na hiyo aibu si mali ya kituo chenu. Nimesema yupo. Mniamini au mzime, lakini hamtampiga picha akiwa na bakuli mkononi. Na pensheni yake msiiguse."

Mpiga picha akashika sikio lake, akisikiliza mtu wa studio. Taa nyekundu ya kamera ikazimika. Kwenye runinga yangu ndogo kibandani likatokea tangazo la sabuni. Hakuna aliyezomea. Yule mwanamke wa duka la mkate alikuwa anatazama viatu vyake.

"Wamekata?" Bi Stamatia akaniuliza.

"Wamekata."

Akafunga vifungo vya koti lake taratibu, kuanzia juu.

"Haidhuru," akasema. "Leo wamekata nimeshamaliza."