Siku Jembe Langu Lilipokataa Kwenda kwa Kogo

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kwa mpangilio wake wote, tangu umande wa asubuhi hadi mvua ya mawe ya alasiri. Sijawahi kukusimulia. Nakuandikia sasa kwa sababu nimesikia kwamba jirani yako wa Sosiot alifiwa, nawe hukwenda kuchimba kaburi pamoja na wengine kwa kuwa marehemu alikuwa wa kanisa jingine. Labda niliambiwa vibaya. Kama niliambiwa vizuri, soma polepole.

Wakati wa ujana wangu chai ilikuwa ngeni katika nchi hii. Msitu ulikuwa bado unakatwa upande wa Kericho, nami niliifanya kazi hiyo misimu miwili, nikang'oa visiki hadi viganja vikawa vigumu kama gome. Jioni, kambini, nilijifunza kusoma, na kwa kusoma nikajifunza kusali. Niliporudi nyumbani, chini ya Roret, nilikuwa nimebatizwa. Nikamwoa mama yako, nikalima shamba la wimbi lililopakana na la Kogo Tabutany.

Kogo ndivyo tunavyomwita nyanya. Huyu hakuwa nyanya yangu wa damu. Mama yangu alifariki kabla sijajua kutembea vizuri, na mjane huyu akanichukua, akanilea kwa maziwa ya kibuyu chake. Unajua jinsi kibuyu kinavyosuguliwa ndani kwa mkaa kabla ya maziwa kutiwa yalale yawe mursik. Kila nyumba ina mkaa wake, na mkaa wa Kogo ulikuwa na harufu ambayo sijaipata tena kwa mtu mwingine. Mara mbili au tatu nimedhani nimeipata, nikasimama njiani kama mtu aliyeitwa.

Siku hizo watu walipalilia kwa zamu. Wimbi ukiwa mchanga una gugu moja linalofanana nao sana, na mtu mmoja na mke wake hawawezi kulimaliza kabla halijausonga. Kwa hiyo mwenye shamba alipika pombe, majirani wakaja na majembe, na kazi ikiisha wakaketi kuzunguka chungu. Baada ya siku mbili tatu walihamia kwa mwingine. Mwalimu wetu wa kanisa alituambia tusinywe. Hakusema tusipalilie. Hilo la pili niliongeza mwenyewe.

Zamu ya Kogo ilipofika, vijana wengi walikuwa wamekwenda kwenye mashamba ya chai, na waliokuja walikuwa wachache. Alikuja mwenyewe hadi langoni kwangu.

"Kipkemoi, watu wako shambani. Unangoja kubebwa mgongoni?"

"Kogo, kwako kuna chungu."

"Chungu kiko nyumbani. Magugu yako shambani. Hayo mawili hayajakutana."

"Jembe langu halilimi mahali palipo na pombe," nikasema. Nilisema kwa sauti, ili walio shambani wasikie.

"Nimekuwekea mursik yako kando, kama siku zote."

"Mimi nimebatizwa, Kogo."

Alinitazama, kisha akalitazama jembe lililoegemea ukuta. "Na hili nalo lilibatizwa?" akauliza. Akageuka akaenda zake, na huko shambani nikasikia watu wakicheka.

Nilishinda nyumbani nikisoma. Ukweli ni kwamba nilifurahi. Nilijiona nimeshinda jaribu. Jioni niliona kwamba theluthi ya juu ya shamba lake haikuguswa. Sikufikiri zaidi ya hapo. Alikuwa akiishi na wajukuu wawili, na shamba lile ndilo lililokuwa chakula chao chote. Jambo hilo nililijua kama ninavyojua jina langu, lakini sikulikumbuka.

Tangu hapo sikumwita mtu kwangu, wala hakuna aliyenialika. Mimi na mama yako tulipalilia wawili, yeye akiwa mjamzito. Wimbi ukakomaa. Wiki ile ile ya mavuno mama yako akajifungua mtoto wetu wa kwanza, na kwa desturi yetu mwanamke aliyejifungua hapaswi kugusa kazi ya shamba kwa muda mrefu. Nawe unaijua mvua ya mawe ya nchi hii. Huja baada ya adhuhuri, karibu kwa saa yake, na wimbi uliokauka ukipigwa na mawe punje zote humwagika udongoni, wala hakuna mkono wa kuziokota.

Siku ya tatu baada ya mtoto kuzaliwa, nilichukua kisu kidogo nikaingia shambani peke yangu. Kwetu kukata masuke ilikuwa kazi ya wanawake, sikuwahi kuifanya. Nilikuwa nimemaliza eneo lisilozidi ngozi ya ng'ombe iliyotandazwa, nikasikia sauti nyuma yangu.

"Hebu mtazameni! Anavuna ama ananyoa?"

Aliyesema ni Chebet, mke wa arap Bett. Nyuma yake walikuwa wanawake kumi na mmoja wenye visu na vikapu, na mbele yao wote Kogo Tabutany.

"Mwache," mwingine akasema, "pengine anatafuta chawa."

Sikujua niweke wapi uso wangu. "Kogo," nikasema, "sikupika pombe."

"Najua. Pua yangu haijafa."

"Sina cha kuwapa."

"Uji upo?"

"Upo."

"Basi tutakunywa uji. Inama, jua linapanda."

Walivuna safu kwa safu, wakiimba na kunitania kila nilipojikata kidole. Kogo hakuimba, pumzi yake ilikuwa fupi mwaka ule. Ilipokuwa karibu adhuhuri nilimpelekea Chebet maji, naye akaniambia kwa sauti ya chini jambo ambalo sikulijua. Siku ile ilikuwa zamu ya Kogo ya kuvuniwa. Walikuwa wamekusanyika kwake alfajiri, yeye akawaambia wimbi wake utangoja siku moja, kwa sababu nyumba ya pili ina mama aliyejifungua juzi na mwanamume asiyejua kushika kisu.

"Tulimkumbusha maneno yako ya jembe," Chebet akasema. "Akatuambia mtoto hakusema neno lolote."

Nilitaka kuwasimamisha ili waende kwa Kogo. Nilitazama mbingu upande wa mlima, nikaona jinsi zilivyokuwa nyeusi, nikatazama wimbi wangu uliobaki. Nikanyamaza. Mwanangu, kukataa kwangu kwa kwanza nilikutubu mapema. Kunyamaza huku ndiko bado kunaniamsha.

Kikapu cha mwisho kiliingia ghalani, na mawe yakaanza. Tulijibana sote ndani ya nyumba. Kelele juu ya nyasi za paa ilikuwa kubwa hata hakuna aliyejaribu kusema. Kogo alimpakata mtoto, akamfunika masikio kwa viganja vyake. Alikuwa ametazama mlangoni, upande wa shamba lake, lakini nje kulikuwa kweupe tu.

Mvua ilipokatika nilimfuata hadi shambani kwake. Mabua yalikuwa yamelala, na punje zilikuwa zimetapakaa kati ya mawe ya barafu. Akaokota suke moja, akalisugua kiganjani, akapuliza. Hakikubaki kitu.

Nikaanza kulia na kuomba radhi.

"Nyamaza," akasema. "Mawe ni ya Mungu. Kwa mawe sikulaumu. Nakulaumu kwa siku ile ya jembe. Ulimfungia Mungu wako nyumbani kama ndama mgonjwa. Kwani huku kwangu angekufa?"

Nikajifuta machozi.

"Chakula tutakula kwako, mimi na hawa watoto. Hilo hatuliongelei. Ila mwaka ujao, magugu yakiota, uje."

"Nitakuja, Kogo."

Walikula kwetu, tena kutoka ghala moja. Nilihesabu miezi hadi mvua kama mtu anayengoja kutoka kifungoni. Nilinoa lile jembe mapema mno, likakaa likingoja. Lakini wakati wa kiangazi kifua chake kilizidi, na kabla ya mvua za kwanza tukamzika.

Niliupanda wimbi katika shamba lake kwa ajili ya wajukuu wake. Magugu yalipoota, majirani walikuja, na pombe ilipikwa kwa arap Bett. Nilipalilia nao mstari kwa mstari, hadi theluthi ile ya juu. Kazi ilipoisha waliketi penye chungu, nami nikaketi nao, nikanywa mursik. Hakuna aliyenishawishi kunywa pombe, wala hakuna aliyenicheka. Kumbe ingewezekana tangu mwanzo. Nilipofika mwisho wa kila mstari nilinyoosha mgongo nikatazama lango lake. Ningali nafanya hivyo, ingawa sasa pale pana chai, na lango lilikwisha kung'olewa.

Mtoto aliyefunikwa masikio siku ile ni wewe, mwanangu. Chakula chako cha kwanza baada ya ziwa la mama yako kilitoka katika zamu ya Kogo. Kwa hiyo nakuambia: shika imani yako, usiinywe pombe niliyoikataa, lakini usiifanye imani kuwa ua wa kuwazuia watu. Jirani akikuita shambani, nenda na jembe. Akifiwa, nenda na sepetu. Nenda akiwa bado anaweza kukuona ukija. Kesho asubuhi nenda kwa yule wa Sosiot. Kaburi limekwisha kuchimbwa, lakini matanga hayajaisha, na kuni bado zinahitajika.

Mungu akupe mvua isiyo na mawe, na majirani wanaoingia kwako bila kuitwa. Akupe pumzi ya kutimiza ahadi zako mapema. Na kibuyu cha nyumba yako kiwe na harufu ambayo mtoto wa mtu mwingine ataitamani akiwa mzee.