Kiti cha Jirani Yangu

Jengo letu la zamani pale Mchafukoge lilikuwa bovu, na sitalipamba kwa kuwa limeshabomolewa. Bati lilivuja, nyaya za umeme zilining'inia, na mvua ikinyesha maji ya mtaro yaliingia dukani bila hodi. Niliuza zipu, vifungo na nyuzi kwa mafundi cherehani. Nyuma ya ukuta wa plaiwudi alikuwa jirani yangu, mzee wa Tanga aliyefiwa na mkewe, muuza udi na ubani.

Adhana ikilia, aliweka kiti cha mbao mlangoni mwake akaenda kuswali. Hakufunga. Kila mtu wa mtaa ule alijua maana ya kiti mlangoni: mwenyewe anarudi, usivuke. Mteja wake akija, namuuzia mimi. Nami nikienda kula, naweka changu, naye anauza zipu zangu kwa maneno matamu kuliko yangu. Mume sina, wanangu wako mbali. Siku nyingi yeye ndiye mtu pekee aliyeniuliza nimeamkaje na akasubiri jibu.

Kisha tukaitwa kwenye kikao. Afisa wa mradi, kijana mwenye shati lililonyooshwa vizuri, alitueleza kwamba jiji litakopa, lijenge mitaro na barabara, na majengo mabovu kama letu yabomolewe yapande maghorofa. Maghorofa yatakuwa na thamani kubwa, hivyo kodi ya majengo itaongezeka, na ile nyongeza peke yake ndiyo italipa mkopo. Kwa akili yangu nilielewa hivi: mitaro ya leo italipwa na ghorofa ambalo halijajengwa. Niliguna. Jirani yangu alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono kukubali. Alichoka kuanika ubani uliolowa, na afisa alikuwa ameahidi kwamba wapangaji wa zamani watapewa fremu za maduka kwanza.

"Tutarudi wote, jirani," aliniambia tukitoka. "Tutaomba fremu za kupakana."

Jengo likabomolewa. Yeye akaenda Tanga kwa binti yake kusubiri, akaniachia kiti chake. Mimi nikapata meza kwenye korido ya watu, nikavumilia jua na kelele. Kila nilipompigia alisema anakuja.

Ghorofa lilipokamilika tukapewa fremu za kupakana kweli, huku juu. Nilipanga zipu zangu, nikaweka kiti chake mlangoni pa fremu yake. Fremu nyingi zilikuwa tupu kwa sababu ya kodi kubwa ya pango, na kwenye korido nilisikia kandambili zangu mwenyewe. Mitaro ilikuwa mizuri, hilo nakiri. Mvua ilinyesha na hakuna aliyelowa, ila hakukuwa na wa kumwambia.

Msimamizi wa jengo alinisumbua kuhusu kile kiti. Kila mara nilimjibu kwamba mwenyewe yuko njiani. Siku moja akaja na binti muuza kava za simu, anayetaka ile fremu, akaniambia leo ni leo. Nikampigia jirani yangu wakiwa wamesimama hapo hapo. Nilisikia wajukuu wake wakicheza. Kisha akasema, "Kiondoe kiti, jirani. Sirudi."

Alieleza kwamba anauza ubani barazani kwa binti yake, kwamba magoti hayataki ngazi, kwamba alishindwa tu aniambieje. Nilimkasirikia. Angeniambia mapema ningekuwa nimeshazoea. Nilimwambia nimeelewa, nikamuombea heri, nikakivuta kiti ndani kwangu nikakikalia huku nimeipa korido mgongo.

Yule binti muuza kava alihamia, akapanga vitu vyake vizuri. Ana adabu, ananiamkia kila asubuhi, marahaba yangu inamkuta ameshaingia kwenye simu. Wiki hiyo hiyo, mchana, nilikiweka kile kiti mlangoni kwangu kama zamani, nikashuka kula. Sikufunga.

Niliporudi, kiti kilikuwa kimesogezwa ukutani. Binti alichungulia kutoka kwake.

"Mama, kuna fundi alikuja anataka zipu. Nikamwambia hupo."

Nikamwambia ahsante.