Kable ya Usukani Ilikatika, Mama Wawili Wakashika Kamba

Boti ilikataa kugeuka siku ile ile nilipokuwa nampeleka dada yangu kwa bwana wake.

Na kati ya watu wote wa mji wetu wa Kindu, ndani yake walikuwa wamekaa wanawake wawili ambao hawakusemeshana tangu vita.

Mmoja ni mama yangu mzazi, Mama Hadidja. Nisikilizeni vizuri, maana mwishoni mtanicheka, na mtakuwa na haki.

Mimi ni Youssouf. Naendesha boti ya papa Abdallah, mfanyabiashara wa hapa kwetu. Ni boti ya jeti. Haina mapanga ya kuzunguka majini kama boti zingine. Inafyonza maji chini ya tumbo na kuyatupa nyuma kwa nguvu, kupitia mdomo wa chuma tunaouita pua. Ukizungusha usukani, kable, waya mnene wa chuma, inasukuma pua, pua inageuka, na boti inageuka.

Kiangazi, mto ukijaa michanga, njo boti pekee inayopita bila kukwama.

Mwezi wa nane mwaka jana papa Abdallah aliniazima hiyo boti kwa ndoa ya Nuru, dada yangu mdogo. Wakwe wanakaa mbali kidogo, unafuata mto kama saa mbili hivi.

Desturi ni kwamba wakwe wanatuma mwanamke wa kumsindikiza bibi arusi. Asubuhi tukafika bandarini, tukamkuta ameshafika. Shangazi wa bwana arusi, amejifunga kikwembe kipya cha kitenge, mkoba begani.

Mama Zaina.

Mama yangu akasimama kama mtu aliyekanyaga mwiba.

"Huko kwenu hakukuwa mwanamuke mwingine?"

"Walikuwako," Mama Zaina akajibu polepole. "Niliomba mimi njo nikuje."

Mama akapanda, akakaa mbele kabisa. Mama Zaina akakaa nyuma kabisa. Nuru katikati chini ya mwavuli, hina bado mbichi mikononi, anaangalia maji na kujifanya hajui kitu. Nikamtazama tu. Alijua shangazi huyu ni nani tangu siku ya uchumba, mjanja yule.

Sasa niwaeleze chanzo.

Mwaka 2002 Mama Zaina alikuwa mkunga, na alikuwa rafiki ya mama, ukuta kwa ukuta. Siku risasi zilipoingia mtaani kwetu, mama alikuwa na mimba ya Nuru na uchungu umeshaanza. Mama Zaina akatukimbiza mpaka mtoni. Akatafuta pirogi, mtumbwi wa mti, akasema atatuvusha ng'ambo, mama azalie huko kwa amani.

Pirogi ikaondoka na Mama Zaina peke yake.

Sisi tukabaki ndani ya matete. Nuru alizaliwa pale pale, na mimi wa miaka saba njo nilikuwa pazia. Nilisimama nimeshika kikwembe kwa mikono miwili, nimefumba macho vile mama aliniamuru.

Kuanzia siku ile, jina la Zaina halikutajwa kwetu.

Haya, turudi kwenye boti.

Tulikuwa tumekata nusu ya njia, mwendo mzuri, Nuru anaimba kwa sauti ya chini. Mbele yetu ikatokea boti kubwa ya mbao, imejaa mchele na watu, inapanda mto. Nikazungusha usukani kulia.

Usukani ukazunguka. Boti haikuzunguka.

Nikazungusha tena, mara tatu nzima. Ulikuwa mwepesi kabisa, kama wa gari ya mtoto.

Nikapunguza gesi ya injini haraka. Hapo njo kosa la boti ya jeti linakuja. Ukiwa na gesi, unaenda kugonga. Ukitoa gesi, pua haitupi maji, na boti haikusikii hata kidogo. Mto ukatuchukua kama jani. Tukapita ubavuni mwa ile boti kubwa karibu sana, mpaka baba mmoja aliyekaa juu ya magunia akatuamkia.

"Salama, wenyeji?"

"Salama tu, papa," mama akajibu, meno yamekazana.

Nikaenda nyuma, nikafungua kifuniko. Kable ilikuwa imeliwa na kutu ndani ya ala yake, imekatika karibu na pua. Kule mbele, mto unakotelemkia, niliona maji meupe juu ya mawe. Yalikuwa mbali, lakini yalikuwa yanakuja.

Pua ina mkono mdogo wa chuma. Nikafunga kamba upande wa kushoto. Upande wa kulia sikuwa na kamba nyingine, nikamwomba Nuru kikwembe chake cha akiba, nikakisokota.

"Mimi lazima nikae kwenye gesi," nikasema. "Nahitaji watu wawili hapa."

Nuru akainuka.

"Wewe kaa," mama akamwambia. "Hina itaharibika."

Basi wakabaki wao wawili. Mama akashika kamba, Mama Zaina akashika kikwembe. Walikaa bega kwa bega na hawakutazamana.

Nikaweka gesi. "Kushoto."

Mama akavuta. Mama Zaina naye akavuta. Pua ikabaki katikati kama jiwe, na sisi tukanyooka kuelekea mawe.

"Bamama, mmoja akivuta, mwingine alegeze."

"Mwambie yeye alegeze," mama akasema.

"Mama, mawe yale."

Mama Zaina akalegeza. Boti ikageuka ghafla, ikageuka zaidi, ikafanya duara nzima. Nuru akacheka mpaka mwavuli ukaanguka majini.

Mama alikuwa anavuta kwa nguvu zake zote, jasho usoni. "Hii kitu haisikii. Navuta na inaenda vile inataka."

Mama Zaina akasema, macho kwenye kikwembe, "Ile siku na pirogi ilikuwa vile vile."

Nilisikia vizuri kabisa, maana gesi ilikuwa ndogo.

"Ilikuwa namna gani?" mama akauliza. Ilikuwa mara ya kwanza kumuuliza habari ya siku ile.

"Niliingia wa kwanza ili nikushike mkono. Risasi ikalia karibu, mwenye kushika pirogi akaiachilia, akakimbia. Nikapiga kasia mara moja tu, kasia ikavunjika. Mto ukanibeba. Nilikuwa napiga maji na mikono, Hadidja. Nililala tumbo upande wa pili wa pirogi, napiga maji ili irudi kwenu, napiga maji. Sikukuachaka."

"Mbona hukusema?"

"Nilituma watu mara tatu. Ulisema Zaina aliondoka bila kugeuza hata kichwa."

Hapo njo nikaelewa kosa lilikuwa la nani.

Kwa sababu mama hakuona kitu siku ile. Alikuwa amelala ndani ya matete, macho amefumba kwa uchungu. Aliyeona ni mimi, kabla sijashika kile kikwembe. Aliyemwambia, "Mama, Mama Zaina ametupa mgongo, ameinama ili asituone," njo mimi.

Miaka ishirini na mbili ya kununiana ilitoka kinywani mwangu.

"Mama," nikasema, mkono kwenye gesi. "Yale maneno yalikuwa yangu."

Wakanitazama wote wawili. Nikaeleza yote, haraka haraka, maana mawe yalikuwa bado mbele.

Mama akavuta pumzi ndefu.

"Youssouf, wewe angalia mbele," akasema. Halafu akageuka. "Zaina, vuta. Mimi nalegeza."

Mawe tulipita kwa mbali, upande wa kulia. Kuanzia pale sikuhitaji kusema kushoto wala kulia. Walikuwa wanaambiana wenyewe, na katikati ya kuvuta wakasimuliana habari za watu waliozaliwa, waliokufa na waliohamia Kisangani.

Tulifika tumechelewa, tukapanda ukingo kwa ubavu, vigelegele kila upande. Viganja vyao vilikuwa na malengelenge. Mama Zaina akampaka mama mafuta ya mawese, kisha mama akampaka yeye. Wakwe walishangaa kuona Nuru anawaangalia mama wale wawili na kulia huku anacheka.

Mimi nilipewa adhabu na mama: kubeba sufuria zote za arusi mpaka jioni. Nikabeba.

Mgongo niliuona kweli, sikudanganya. Ila mikono sikuiona, na bado nilisema kama niliyeona yote. Kama kuna muntu umemkasirikia kwa habari uliyoletewa, nenda ukamuulize mwenyewe. Sisi tulingoja miaka ishirini na mbili, na bado ilibidi boti iharibike.