Mpira Chini ya Kidevu

Kosa ni langu, si la daktari. Yeye alieleza polepole, tena kwa Kiswahili. Mdogo wangu Opio, askari polisi, alianguka na pikipiki akavunjika taya na pua. Wakati wa upasuaji meno yake yangefungwa pamoja, kwa hiyo mpira wa kupumulia usingeweza kupita mdomoni, wala puani. Ungepitia tundu dogo chini ya kidevu, na kutolewa kazi ikiisha.

"Umeelewa, ssebo?" akaniuliza, akiniita bwana kwa Kiganda.

"Sana, daktari."

Nilikuwa nimeelewa nusu. Nusu ya pili niliijaza mwenyewe, nikimkumbuka jirani yetu wa mtaa wa Bwaise aliyetobolewa koo akapoteza sauti. Nikamwambia mama, mbele ya Opio, kwamba hatazungumza tena. Mama akalia. Opio akaisukuma kando karatasi ya kutia sahihi ya kukubali upasuaji, na nafasi yake akapewa mgonjwa mwingine.

Kesho yake daktari alimsikiliza mama, kisha akagusa kidevu chake mwenyewe.

"Ni hapa tu, mama. Koo hatuligusi. Nani aliwaambia atakuwa bubu?"

Nikatazama dirishani. Opio, taya likiwa limefungwa bandeji, hakuweza kujibu. Aliinua mkono taratibu, akaninyooshea kidole.