Moubarak Kinyozi na Nywele za Siku ya Saba

Wateja wa Moubarak, kinyozi wa mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura, walimpenda lakini aliwachosha. Hakumgusa mtu kabla hajaifungua mashine yake ya kunyolea na kuiosha upya mbele ya macho ya mtu huyo. Ilikuwa mashine ya chuma, nzito, ya vipande vitatu: mpini, kitako chenye meno, na kifuniko kinachoubana wembe. Aliinunua ujanani kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa akifunga duka lake Rohero, katikati ya mji. Kila baada ya kidevu kimoja aliifungua, akautupa wembe, akasugua vipande kwa mswaki na sabuni, akavichemsha, akavikausha kwa kitambaa cheupe. Jioni alitia tone la mafuta kwenye skrubu. Watu walimtania kwamba kwake unaingia na ndevu unatoka na mvi.

Hakuzaliwa na tabia hiyo. Miaka michache kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, mdogo wake, Seifu, alianza kukonda, akakohoa miezi sita, akafa. Mtaa mzima ulinong'ona jina la ugonjwa ambalo hakuna aliyethubutu kulitamka msibani. Seifu alikuwa akinyolewa na kaka yake kila Ijumaa, kwenye kiti kile kile walichokalia wengine. Moubarak hakujua kama wembe wake uliwahi kubeba kitu kutoka shavu moja kwenda jingine. Hakuwa na mtu wa kumwuliza. Alichoweza ni kuosha, na tangu hapo akawa anaosha.

Mwaka 1995, vita vikiwa vimeingia mjini, Himid alipata mtoto wa kike. Himid alikuwa Mwarabu wa Bujumbura, muuza vitambaa, na baba yake pia alinyolewa na Moubarak. Alikuwa amehamia Kinanira, huko juu mlimani kusini mwa mji, akidhani kumetulia. Siku ya saba ya mtoto ndiyo ya kumnyoa nywele za tumboni na kumpa jina. Basi siku hiyo ikaangukia ville morte, siku ya mji kufungwa: maduka yamefungwa, mabasi hayatembei, na anayetoka nje anatoka kwa hatari yake.

"Usiende," Asiya, mkewe, alimwambia. "Mutoto atanyolewa siku ingine."

"Nilimupa Himid neno langu."

"Neno lako litakuzika, mume wangu."

Moubarak alifunga mashine ndani ya kitambaa, akaweka paketi mpya ya nyembe, jiwe la shabu la kukatia damu na mswaki, akatoka baada ya adhuhuri. Barabara za Rohero zilikuwa tupu, hata nyayo zake mwenyewe zilimtisha.

Alipoanza kupanda kuelekea kusini akakuta magogo yamelazwa barabarani. Vijana saba walikuwa wamekaa juu yake, wawili wana mapanga, mmoja ana bomu la mkono analichezea kama chungwa. Mkubwa wao, mwenye koti la jinzi, alimwita kwa kidole.

"Papa, unatoka wapi?"

"Buyenzi. Mi ni kinyozi. Ninaenda kunyoa mutoto."

"Leo? Ville morte hukuisikia?"

"Nimeisikia. Lakini leo ni siku yake ya saba."

Walikifungua kitambaa. Mwenye koti aliigeuzageuza mashine, akaufungua wembe mmoja mpya akaupachika vibaya, upande mmoja umechomoza kuliko mwingine. Moubarak aliona. Kijana akaivuta kwenye shavu kavu, bila maji wala sabuni. Damu ikachuruzika mpaka kwenye kola.

Wenzake walicheka. Yeye hakucheka.

"Umenikata."

"Mwanangu—"

"Nimesema umenikata!" Panga moja liliinuka kutoka kwenye gogo.

Mikono ya Moubarak ilikuwa imezoea kazi kuliko hofu. Ilichukua jiwe la shabu, ikalilowesha kwa mate, kwa kuwa maji hayakuwepo, ikalikandamiza kwenye lile shavu. "Tulia. Hesabu mpaka thelathini," alisema, kwa sauti ile ile aliyowaambia wateja wake wote. Na kijana, sijui ni kwa mshangao au kwa uchovu, akatulia. Damu ikakatika.

"Genda, sha," alisema mwishowe, akimwashiria apite. Paketi ya nyembe akaitia mfukoni. Mashine akaitupa mtaroni.

Moubarak aliingia mtaroni akaiokota kwenye matope. Hakugeuka nyuma mpaka alipoliona geti la Himid.

Nyumbani kwa Himid watu walikuwa wachache: Himid mwenyewe, mkewe Nura aliyempakata mtoto, na mama yake Himid, Bi Thuwaiba, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajaketi. Walimshangilia Moubarak, wakamletea maji. Bafuni aliifuta mashine. Matope yakatoka, damu ikatoka, chuma kikang'aa. Wembe ulikuwa bado ndani, mpya, umepita shavu moja tu. Hakuna wa nyumba hii aliyemwona barabarani. Angeuchemsha kidogo, amnyoe mtoto, arudi zake kabla ya kuvrefe ya saa moja, amri ya kutotoka nje usiku. Nani angejua?

Alikuwa bado ameishika Himid alipogonga mlango.

Alitoka, akawaeleza kila kitu: magogo, shavu, damu, paketi iliyochukuliwa. "Mashine nitaisafisha," alisema. "Lakini wembe huu hautagusa mutoto. Mi siwezi."

"Chemsha," alisema Bi Thuwaiba. "Moto unaua kila kitu."

"Apana, mama. Damu ya mutu nisiyemjua siipeleki kwenye kichwa cha mutoto."

"Na wangu mimi ni wa plastiki, nautumia mwezi wa pili," alisema Himid kwa aibu. "Tungoje siku ya kumi na nne. Dini inaruhusu."

Bi Thuwaiba alimtazama mwanawe. "Siku ya kumi na nne tutakuwepo sote?"

Upande wa mtaa wa Musaga bunduki zilikuwa zimeanza, mbali bado, kama mtu anayekung'uta mkeka.

Ndipo Nura alipomtaja jirani. Candide alikaa nyuma ya ua, karani wa wizara mojawapo. Mumewe aliuawa kwenye barabara ya kwenda Rumonge mwaka uliopita, na tangu hapo hakumwamkia mtu. "Huenda vitu vya mumewe bado anavyo," alisema Nura.

Himid alikwenda. Moubarak alisikia geti likigongwa, likigongwa tena, kisha kimya. Ili asiusikilize ule ukimya, alianza kazi. Skrubu ilikuwa imekwama kwa mchanga. Aliilowesha kwa maji ya moto, akaizungusha taratibu akiogopa kuiharibu. Wembe wenye damu aliukunja kwenye karatasi nene ili usimkate mwingine. Alipitisha mswaki kwenye kila jino la kitako, akalisugua doa la chokaa ya maji kwa limau, akavitia vipande vyote kwenye sufuria inayochemka. Milio ikasogea. Maji yakaendelea kuchemka.

Himid alirudi, na nyuma yake alikuwa Candide mwenyewe, amejitanda kitenge, ameshika paketi iliyofungwa bado.

"Zilikuwa za bwana wangu," alisema. "Hazijaguswa."

Moubarak aliipokea kwa mikono miwili. Aliukausha mpini, akauweka wembe, akakaza, akainua mashine kwenye mwanga wa dirisha kuhakikisha pande zote mbili zimechomoza sawasawa. Siku nyingine angeijaribu kwenye mkono wake mwenyewe. Leo hakuijaribu; wembe huu ungeanza na mtoto.

Kichwa cha mtoto kilikuwa kidogo kuliko kiganja chake. Utosi ulikuwa laini, unadunda. Alilowesha nywele, akasema bismillahi, akaanza nyuma ya sikio, kwa mipito mifupi. Nura alifumba macho. Alipoufikia utosi, mlipuko ukatikisa vioo. Mtoto aliruka mikononi mwa mama yake akapiga kelele. Nura naye akapiga kelele: "Umemkata?"

Mashine ilikuwa hewani. Moubarak alikuwa ameshauinua mkono kabla yeye mwenyewe hajajua ameuinua. "Apana," alisema. "Apana. Ni mzima."

Alingoja mtoto atulie, akamaliza. Wakamwita Amira.

Kuvrefe ilikuwa imeshaingia, asingeweza kurudi. Walikula wali wote pamoja, na Candide, ambaye hakuna aliyemtarajia, akala nao. Baada ya chakula alitoka, akarudi na taulo dogo. Ndani yake mlikuwa na mashine ya chuma kama ya Moubarak, imeshika kutu shingoni.

"Haifunguki," alisema. "Nimejaribu. We ni fundi."

Moubarak aliitia mafuta, akaipasha moto, akaifunika kwa kitambaa na kuizungusha. Ilichukua karibu nusu saa. Ilipoachia, kifuniko kikatoka na chini yake kukaonekana sabuni iliyokauka, na ndani ya sabuni nywele fupi nyeusi, zenye mvi mbili tatu. Alinyoosha mkono kuchukua mswaki.

Candide akamshika kifundo cha mkono. "Usisafishe," alisema. "Tafadhali, papa. Ni zake."

Moubarak aliuweka mswaki chini. Alikirudisha kifuniko mahali pake, akaikaza skrubu kidogo tu, kiasi ambacho mwanamke anaweza kuifungua mwenyewe, akaifunga kwenye taulo.

Alfajiri alishuka kwa njia nyingine mpaka nyumbani Buyenzi. Asiya alikuwa amekaa kizingitini, macho mekundu. Alisogea apite, kisha akaenda kuweka chai motoni.